Ukurasa wa Tatu wa Kijitabu cha Sabuni

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye kwa bahati njema leo ni mimi mwenyewe. Mwenyekiti wa Maandalizi, ambaye pia ni shemeji yangu. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Ndogo ya Povu, na wale wa Kamati Ndogo Zaidi ya Harufu. Makaimu wote mliopo kwa niaba ya wasiopo. Wanahabari, hasa wewe mwenye kamera, sogea kushoto, upande huu ndio mzuri. Na mwisho kabisa, kwa sababu ya itifaki wala si dharau, nyinyi wananchi wahitimu, ambao naona mmekuja na ndoo zenu, ishara tosha ya mwamko. Nikisema "Povu!" mnaitikia "Juu!" Povu! (Sauti chache: "Juu.") Hiyo juu mbona iko chini? Povu! ("Juu!") Haya, sasa tunaelewana.

Ndugu zangu, leo tunahitimisha Awamu ya Kwanza ya Programu Jumuishi ya Uwezeshaji wa Kaya kwa Njia ya Sabuni za Miche, za Maji na za Unga, programu ambayo niliibuni mimi, nikaiandikia konsepti mimi, nikaitetea kwenye vikao kumi na saba mimi, na ambayo kwa mujibu wa takwimu zetu imewafikia wananchi elfu nne mia nane na kumi na wawili, kati yao asilimia tisini na sita nukta tatu wakijengewa kapasiti, na waliobaki wakihamasika. (Makofi kutoka meza kuu. Sauti ya nyuma: "Wamefikiwa na nani?") Wamefikiwa, mzee wangu. Kufikiwa ni kufikiwa.

Wapo watu, sitawataja, wanaozunguka mitaani wakitoa povu eti hawajaona darasa, hawajaona mwalimu, hawajaona hata sufuria. Sufuria ya nini? Sisi huko tumeshahama, tuko kwenye modaliti ya Mwananchi Ajifunze Alipo. Tumetoa Kijitabu! (Anakiinua. Picha yake imejaa jalada zima.) Kurasa nane, picha zangu sita, na nimekiandika kwa mkono wangu mwenyewe bila kumsumbua mtaalamu yeyote. Hebu niwaonjeshe ukurasa wa tatu. "Chukua soda kali, ile kostiki ya sabuni, iweke kwenye ndoo. Kisha, kwa ujasiri, imwagie maji." (Mwanamke wa kiti cha mbele: "Kinyume!") Samahani? ("Kinyume, mheshimiwa! Maji ndiyo yanatangulia, soda unaitia baadaye, kidogo kidogo. Ukiimwagia maji inachemka, inakurukia!") Mama, maswali ni mwishoni. ("Kwani nimeuliza?")

Nani huyu? (Msaidizi anamnong'oneza.) Ahaa, kumbe ndiye! Ndugu zangu, huyu ni mhitimu wetu nambari moja, mama dobi, anayefua nguo za watu hapo nyuma ya ofisi yetu. Alikisoma Kijitabu mwanzo mpaka mwisho, akakifuata neno kwa neno, hakuongeza, hakupunguza. Wananchi wa namna hii wako wangapi? Njoo mama, pokea cheti. Mwenye kamera! Tupeane mkono. Wa kulia, mama, itifaki. (Mama dobi anautoa mkono wa kulia chini ya mtandio. Umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko.) Lo. Basi wa kushoto. Msaidizi, simama hapa, izibe hiyo bendeji.

("Mheshimiwa, mimi nafua. Mkono huu ndio unaolisha watoto wangu watatu, na daktari kaniambia vidole viwili havitakunjika tena. Cheti kaa nacho. Ninachotaka, tangaza hapa hapa kwamba ukurasa huo ni wa uongo, watu wauchane. Dada yangu anacho hicho kijitabu. Jirani yangu anacho. Wanataka kupika wiki hii.") Pole sana, mama. Hiyo ndiyo tunaita fidibaki, na itapelekwa kwenye Kamati ya Masahihisho mara tu itakapoundwa. Ila kuchana ukurasa wa tatu, hapana, maana nyuma yake ni ukurasa wa nne, na ukurasa wa nne ndio wenye picha yangu nikiwa nimevaa koti jeupe. (Kelele. "Aibu!" "Huna haya!") Msinitolee povu! Povu mahali pake ni kwenye ndoo!

Naona muda umetutupa mkono, basi nitoe shukrani. Namshukuru mwenye ukumbi huu wa harusi, anayeuhitaji saa saba kamili. Nawashukuru wenzetu wa ushonaji kwa vyeti, na mtavirudisha mlangoni, tena msibandue ile karatasi tuliyobandika juu. Miche hii ya sabuni mezani inarudi dukani, msiilowanishe. Namshukuru mkufunzi mkuu, ambaye angekuwa nasi leo kama tungemwajiri, na chuo kimoja cha mbali kwa kutuachia picha ya jengo lao tukaiweka kwenye bango hili. Na nyinyi wahitimu mliobeba ndoo mkidhani mafunzo yanaanza leo, nawashukuru kwa moyo huo huo, nendeni nazo hivyo hivyo. Hayo mengine mimi nimenawa mikono. Povu!

Povu, jamani! (Mama dobi amechukua Kijitabu mezani. Anakibana kwapani, anauchana ukurasa wa tatu kwa mkono wa kushoto, anautupa kwenye ndoo iliyo karibu. Mwanamke wa pili anafungua mkoba, anatoa chake. Wa tatu. Mstari mzima.) Wee! Mnafanya nini? Hiyo ni mali ya programu! Koti langu hilo! Msaidizi, zuia! (Msaidizi naye anachana.) Ndugu zangu, tumalize kwa heshima, kamera inatuona. Kwa mara ya mwisho, wote kwa pamoja: Povu!

(Ukumbi mzima: "Juu yako!")