Insha za Gavana wa Chuma

Kwa furaha isiyo kifani, Kamati ya Uhakiki wa Burudani za Anga, chini ya uenyekiti wangu, inautangazia umma kitabu cha insha kuhusu tamthilia pendwa ya vyombo vya angani inayotazamwa katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hapa Uganda. Insha zote zinamsifu mhusika mmoja: Gavana wa Chuma, roboti anayelidai jua barua ya utambulisho kabla halijachomoza. Akiombwa chochote hujibu, "Suala linashughulikiwa." Nilitokwa na machozi. Hatimaye, kiongozi makini! Hata mimi husema hivyo kila siku ofisini kwangu.

Ila uhakiki ni uhakiki. Tamthilia ni ya Kikorea, na Nakivale huielewa kupitia kwa Léoncie, anayeitafsiri kwa kipaza sauti katika kibanda chake cha video. Nikaagiza kwamba kwenye uzinduzi, hapa mjini Mbarara, tuitazame bila tafsiri yake, tukisoma maandishi ya chini ya skrini. Insha zikipishana na tamthilia, kibanda kifungwe. Kibanda hicho ndicho kinachomlisha yeye na wanawe, lakini hilo halimo katika hadidu za rejea.

Tukatazama. Gavana wa Chuma hakusema neno. Alikuwa mashine ya kufulia nguo za marubani.

"Maneno yake uliyatoa wapi?" nilimuuliza Léoncie.

"Ku biro yako, mukubwa. Nilisimamaka ku foleni fasi ile siku mingi."

Watu wakavunjika mbavu. Bienfait, mwandishi wa insha ya kwanza, alianguka chini ya kiti. Nikapanda jukwaani kutangaza kwamba kibanda kimefungwa, na umeme ukakatika. Itifaki hairuhusu hotuba kukatizwa na umeme, kwa hiyo niliendelea, midomo ikienda katika mwanga hafifu wa simu za watazamaji, sauti ikimezwa na vicheko.

Léoncie akawasha spika yake ya betri. Akiona midomo inacheza, yeye hutafsiri.

"Bandugu," nikasikika nikisema, "kibanda ya Léoncie isifungwe hata siku moja. Na batu ba foleni bapewe viti. Baanze na ya kwangu."

Makofi! Sijawahi kupigiwa makofi kama yale. Mgeni rasmi, ambaye ndiye mkubwa wangu, akasimama gizani.

"Chairman, leo wewe naongea mzuri sana! Leta karatasi, mimi nasaini sasa hivi."

Akasaini.

Nimekata rufaa. Kwa kuwa ofisi inayohusika ni yangu, nimejipokea mwenyewe, nikiwa nimesimama, maana viti vyote vimepelekwa nje. Suala linashughulikiwa.