Yule Aliyelala Kwenye Matete

Jumatatu, 3 Juni

Nimepata vita. Hatimaye. Mwongozaji mkuu kavunjika mguu, na afisa wa wizara amenikabidhi filamu ya kumbukumbu ya mapigano ya darajani. Sharti ni moja: jeshi letu lilishinda, na halikumwacha mtu nyuma. Nikasema hilo jepesi. Mpiga picha, aliyekitaka kiti hiki, aliguna. Wivu tu.

Nina hila. Baba mkwe alipigana pale darajani na hajawahi kulizungumzia. Nikimnasa kwenye kamera akidondosha chozi moja, nani ataniuliza habari za ukweli? Nimemwambia nampeleka kwa daktari wa macho.

Jumatano, 5 Juni

Hakulia. Alishuka garini, akauona mto, daraja letu la mbao, moshi wa matairi, na waigizaji waliojilaza kama maiti wa adui. Akapita katikati yao polepole, akitazama chini kama mtu aliyepoteza ufunguo. Penye matete akasimama. Akavua kofia. Nikamnong'oneza mpiga picha apige pale pale.

Njiani kurudi nilimwuliza mzee alikuwa akimtazama nani.

"Macho yangu mazima, mwanangu," akasema. "Kwa daktari nenda wewe."

Ijumaa, 7 Juni

Tumetazama tulichopiga. Kwenye matete amelala mtu. Kifudifudi, mkono mmoja majini. Amevaa sare yetu, si ya adui, tena ya mtindo wa zamani. Fundi cherehani anaapa hakuishona. Mpiga picha anaapa aliona matete matupu. Kisha akaomba likizo.

Mimi nimefurahi. Waigizaji wangu wote wanapumua. Huyu hapumui hata kidogo. Kipaji.

Afisa hakufurahi. Maiti wa upande wetu haruhusiwi. Akatwe.

Jumamosi, 8 Juni

Nimemkata. Kipande kinachofuata, yumo. Nikakikata nacho. Sasa yuko juu ya daraja, anachuruzika maji kama katoka mtoni sasa hivi. Mhariri alisema anakwenda kununua vocha. Hajarudi.

Nimefikiri peke yangu, na jibu likaja. Nimekirudisha kile kipande cha matete, nikaibadilisha sare yake kwa kompyuta, ikawa rangi ya adui, na msimulizi nimemwandikia: "Hapa ndipo adui alipoangukia." Wanaosema propaganda si sanaa hawajawahi kupaka rangi kola ya maiti.

Jumatano, 12 Juni

Onyesho la wizara. Ukumbi umejaa. Mke wangu na baba yake nimewaweka mstari wa mbele, waonekane.

Msimulizi alipotamka "adui", mzee akasimama. Hakupaza sauti.

"Huyo tulimwita Kiko," alisema. "Nilipigwa risasi ya mguu, akanibeba mpaka kwenye matete. Mimi nikavushwa. Yeye hatukumrudia. Msimwite adui."

Nikatazama kwenye skrini. Ule mkono haukuwa tena majini. Ulikuwa umenyooshwa kuelekea kwenye viti, na ile rangi yangu ilikuwa ikichuruzika kutoka kwenye mkono wa shati, tone kwa tone. Tena nilisikia matone. Filamu sehemu ile haina sauti ya maji. Najua, niliiondoa mwenyewe.

Mke wangu alimshika baba yake mkono wakatoka. Aliponipita hakunitazama. Afisa akaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukamfuata. Wamedhani nimempanga mzee.

Sikuwasahihisha.

Ijumaa, 14 Juni

Mke wangu yuko kwao. Chumba cha kuhariria kimelowa sakafu nzima na fundi bomba haoni panapovuja. Ananiambia maji yananuka matope ya mto. Fundi bomba naye siku hizi mshairi.

Habari njema: wizara imenipa vita vingine, vya milimani. Afisa anataka kitu chenye uzito uleule.

Kwa hiyo leo nimekwenda ukweni na sukari, na soksi nzito za mzee. Nimemsalimu kwa heshima zote. Kisha nikamwuliza, kwa upole, kama na huko milimani kuna mtu walimwacha.

Amefunga mlango. Nimeketi hapa kibarazani, nangoja. Nadhani anajaribu kukumbuka.