Ombi la Sisi Tusiopimwa Ukoma Kutolewa Darasani

Lubumbashi, Naviundu

Kwa Bwana Prefe wa Masomo, mkuu wa shule yetu,

Natumaini barua hii inakukuta na afya nzuri, maana ni afya inayonifanya niandike. Mimi ni Osée wa darasa la mwisho, yule wa benchi la nyuma anayejibu "présent" kwa sauti isiyofika mbele. Haya nisingeweza kukuambia kwa mdomo, kwa hiyo nitayapitisha chini ya mlango wa ofisi yako.

Tangu ijulikane kwamba mwenzetu Keren ana ukoma, umetulinda kwa bidii. Benchi lake liliwekwa nje kwenye barza na kuoshwa kwa maji makali ya javel mpaka rangi ikatoka. Kisha ukaamuru madirisha yote yafungwe, ili hewa yake isituingilie. Sasa Keren anachungulia ubao kupitia kioo, huku mtihani wa serikali ukikaribia, na nusu ya hesabu hazioni. Sisi tumo ndani, tumebanana, tumelindwa. Hata hivyo ulinzi huu una kasoro, nami nalalamika kwa heshima kama ifuatavyo:

1. Aliyetolewa siye. Mama Régine, muuguzi wa kituo cha afya, alipokuja kutufundisha alisema ukoma hupitia hewa ya pua na mdomo, kati ya watu wanaoishi karibu kwa muda mrefu, ikiwa mmoja wao ni mgonjwa asiyetibiwa. Haukai kwenye mbao. Na mgonjwa aliyeanza dawa haambukizi tena. Halafu akatutazama sote, akasema: "Keren ninamujua, anakunywa dawa. Ninyi ndio sijajua bado." Kumbe katika darasa zima, mtu pekee tuliye na uhakika naye ndiye tuliyemtoa.

2. Madirisha. Tangu yafungwe, kikohozi cha Fils, kiongozi wa darasa letu, hakina pa kutokea, kwa hiyo kinatuzunguka mmoja mmoja mpaka kengele ilie. Fils hamgusi Keren hata kwa kalamu. Lakini sisi wengine anatusalimia kila asubuhi kwa desturi yetu ya kugonganisha vichwa, kulia, kushoto, kulia tena, pua zikipishana kwa unene wa daftari. Nilimuuliza kama yeye amepimwa. Alinijibu mbele ya wasichana: "Weye, professa wa université ya Kasapa, enda ukae naye basi." Sikwenda.

3. Vidonge. Mama Régine alirudi na dawa ya kinga kwa wote wanaokaa karibu na Keren. Mtu anachunguzwa kwanza ngozi, na akiwa hana dalili anameza mara moja tu, yamekwisha. Ulimrudisha getini, ukisema wazazi wakiona vidonge watadhani shuleni kuna ukoma. Nimeielewa hoja: shule isiyo na dawa haina ugonjwa. Hofu yangu ni kwamba microbe hawakuhudhuria kikao hicho.

4. Kwa sababu hizo naomba tutolewe. Keren aingie, apewe darasa lote, madirisha yafunguliwe. Sisi tusiopimwa tukae kwenye barza, na wasioenea waende uwanja wa mpira. Walimu pia hawajapimwa, basi wafundishe kupitia kioo, maana imeonekana inawezekana. Na kwa kuwa haki haiishii kwa wadogo, meza yako ipelekwe getini, mahali ambapo wazazi wataona shule inavyojikinga. Nitasaidia kuibeba, na javel nitaleta ya nyumbani.

Nisalimie Madame, watoto, papa mlinzi wa geti, na walimu wote, hata yule wa fizikia.

Mimi mwanafunzi wako, ninayekuheshimu hata ninapolalamika,

Osée

N.B. Nilikuja kupitisha barua hii wakati wa mapumziko, nikakuta mlango uko wazi. Ulikuwa unamimina chai huku unasoma gazeti. Chai ilifurika, ikakumwagikia mkononi, pale chini ya saa yako penye doa lililofifia. Mvuke ulipanda. Wewe ukafungua ukurasa mwingine. Nilirudi nyumbani na barua yangu.

Bwana Prefe, Mama Régine alitufundisha kuhusu doa lisilosikia moto. Huenda si kitu. Yeye ndiye atakayejua. Tafadhali futa namba nne yote, isipokuwa Keren aingie na madirisha yafunguliwe. Usiende getini, wala usikae barza, kuna baridi na kioo ni kichafu. Nenda tu kwake. Dawa ni za bure, na ukiwahi, mkono unabaki mzima. Sijamwambia mtu.

Nilimuuliza Keren tu, bila kutaja jina, kwamba mtu wa namna hiyo akipatikana hapa shuleni tumfanyeje. Aliwaza kidogo, akasema: "Mumufungulie dirisha."