Tambi za Kumrudisha Rukaya

Jumatatu, 5 Juni 1995

Wiki ya tatu sasa mke wangu Rukaya yuko kwa mama yake, Mahege. Nyumba kimya. Nimekula muhogo wa jana, peke yangu, nimesimama. Kosa langu, wanasema, ni kuuza mbuzi wake nikanunua mashine ya aiskrimu, na Kibiti hakuna umeme. Umeme utakuja! Siku hizi biashara ni ruksa, kila mtu anajaribu bahati yake, ila mimi tu ndiye ninayeonekana mwehu.

Jirani yangu Mwalimu Zefania, mtu wa bara, amenishauri niende Mahege, nikae mkekani, niombe radhi. Ushauri wa mtu asiye na maono. Ila huyo huyo kanisimulia, kwa majivuno, kuwa Dar kuna hoteli ya Kitaliano yenye matawi matatu, meza zina vitambaa, na mtu wa kawaida anaingia akala. Zefania kaingia! Basi na Rukaya ataingia. Mwanamke aliyelishwa na mumewe juu ya kitambaa cheupe hawezi kubaki na hasira.

Jumatano, 7 Juni

Nilituma ujumbe kwa dereva wa gari la Mahege. Jibu limerudi: Rukaya amekubali. Alhamdulillahi! Ila mama yake, Bi Kijakazi, amesema binti yake hatoki na mimi peke yake mpaka shauri letu liishe. Naye anakuja. Sawa. Mama akishiba, mtoto atalainika.

Jumamosi, 10 Juni

Hoteli nzuri kweli. Feni darini, vitambaa mezani, Zefania hakusema uongo. Tukakaribishwa meza moja, watu watatu. Hapo ndipo nilipokumbuka. Kwetu mwanaume hatafuni mbele ya mama mkwe, hata usoni hamtazami. Nimepanga safari nzima, nimepiga pasi suruali, na hilo halikunijia kichwani hata mara moja! Bi Kijakazi alikuwa keshavuta ushungi mpaka machoni, kageukia ukuta. Nikahamia meza ya pembeni, nikawapa mgongo.

Niliwaagizia tambi, maana tambi nani asiyezijua? Nikamsikia Bi Kijakazi akimwuliza mhudumu kuna msiba gani jikoni, hata tambi za watu zikatiwa nyanya na nyama badala ya nazi na iliki. Akaomba sukari. Ikaletwa, akanyunyiza kwa mkono mkunjufu. Rukaya akacheka. Kicheko kile! Sikuwa nimekisikia tangu kabla ya Idi. Nilitamani kugeuka.

Sikugeuka, kwa heshima. Macho yangu yakawa kwenye mlango wa jikoni. Sahani zilikuwa zikitoka bila kukoma. Nikawaza, kama Dar wanazigombania hivi, Kibiti je, malori yote ya kusini yanaposimama? Nikainuka, nikaenda kumwuliza mpishi mawili matatu: nyanya zinachemka kiasi gani, tanuri linajengwaje, tawi la pili huanza lini. Mtu mwema, alinieleza kwa kirefu.

Nilipotoka, meza yao ilikuwa imekwisha kufutwa. Mhudumu akasema yule bibi mdogo alinisubiri mpaka chai yake ikapoa, alisema ana neno na mumewe. Kisha wakaondoka, wakaenda kwa ndugu zao Mbagala. Wanawake hawana subira.

Jumatatu, 12 Juni

Mjomba wake Rukaya, Mzee Mohamedi, amekuja. Hakutaka hata maji. Amesema Rukaya hana haja na hoteli. Anataka niende Ijumaa baada ya sala, nikae, nimsikilize, basi. Nisipokwenda, atadai talaka yake.

Nimeshtuka sana. Nampenda Rukaya. Naandika wazi, hakuna anayesoma. Ijumaa nakwenda, wallahi.

Ijumaa, 16 Juni

Fundi wa kunijengea tanuri la hoteli yangu kapata nafasi leo. Leo tu! Ningefanyaje? Fundi wa matofali ya kuchoma ni mtu adimu, mke yupo. Nikaona sahani itanisemea vizuri kuliko ulimi wangu. Nimepika tambi za nyanya kwa mkono wangu mwenyewe, nikazifunika kwa kawa, nikampa dereva. Nikamwagiza amwambie Rukaya kwamba hili ndilo tawi letu la kwanza, la pili litakuwa Nyamisati. Zefania akapita, akaniuliza mbona siko Mahege. Nikamwambia wivu haujengi nyumba.

Alasiri sahani imerudi, imefunikwa vile vile nilivyoifunika. Dereva amesema Rukaya alikuwa barazani, amejipamba, mkeka umetandikwa, mjomba wake yupo. Aliposikia honi alisimama. Alipoona ni sahani tu imeshuka, aliingia ndani, na wakamsikia analia.

Nimekaa nayo muda mrefu. Moyo unaniuma, sina wa kumweleza. Mwishowe nikafunua, nikaonja.

Chumvi imezidi. Kesho napika upya.