Kuku Aliyefungwa Kama Sumu

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa karibu na mlango wa choo, yaani mbele ya meza yangu. Kila anayegusa mzigo hatari hapa ghalani, awe anaufunga, anaubandika alama, anauendesha au anausainia karatasi zake, lazima apate mafunzo upya wiki hii na kufaulu mtihani wa Ijumaa. Asiyefaulu hatasaini chochote peke yake. Atafanya kazi akiwa na mwenye cheti pembeni, kama mtoto anayefundishwa kuvuka barabara.

Mimi. Mwenye shahada ya kemia.

Niliingia kwa Meneja hoja zangu zikiwa zimepangwa. Nikamweleza kwamba niliandika tasnifu nzima juu ya asidi. Akasema anaiheshimu sana tasnifu hiyo, ila asidi ikimwagika hataizuia kwa tasnifu. Akaniuliza kibandiko hukaa wapi kwenye pipa. Nikajibu kwamba inategemea mtu anatazama akiwa upande gani. Akanifungulia mlango nitoke.

Habari kubwa ni hii: nafasi ya msimamizi wa mizigo hatari iko wazi, na atapewa atakayefanya vizuri kuliko wote. Nafasi hiyo ina ofisi. Ofisi ina dirisha. Nimeshachagua rangi ya pazia. Mpinzani wangu ni mmoja tu, karani mwenzangu tunayemwita Pasi, kwa sababu hupiga pasi hata ovaroli. Leo kaomba awekewe kiti cha mbele darasani, na darasa lenyewe ni kesho.

Jambo jingine. Chakula changu kimeliwa tena kwenye friji ya ofisi. Mama Mdogo, ninayeishi kwake, hunifungia kuku kwenye bakuli. Nimekuta mifupa imepangwa vizuri upande mmoja. Mwizi nadhifu. Sasa hapa nani ni nadhifu?

Jumanne, 4 Machi

Mkufunzi ni mama mwenye miwani anayezungumza polepole, kana kwamba kila neno linalipiwa ushuru. Mpango wangu ulikuwa nikae nyuma, nimsahihishe kwa upole, darasa zima lione nani anastahili dirisha.

Nilimsahihisha mara ya kwanza. Akashukuru. Mara ya pili akashukuru kidogo. Mara ya tatu akanipa chaki na kuniomba niendelee mimi. Nikaendelea. Nilikuwa nimefika kwenye elektroni dereva wa foklifti alipoanza kukoroma. Mkufunzi akaniuliza pipa likivuja mbele yangu nitafanya nini kwanza. Nikasema nitautambua muundo wa kemikali yenyewe. Akauliza nitautambua nikiwa nimesimama wapi. Nikasema karibu, bila shaka, ili nione. Pasi akanyoosha mkono, akasema yeye atarudi nyuma, atawaonya wenzake, atapiga simu, kisha ataandaa mazishi ya Profesa. Darasa lilicheka hadi dereva akaamka.

Profesa ni mimi. Jina hilo walinipa kwa nia mbaya, ila nalipokea kwa nia njema.

Kuna sentensi moja Mkufunzi kairudia siku nzima: kibandiko hakibishaniwi. Kilichoandikwa nje ndicho kilichomo ndani, mpaka mwenye cheti afungue mbele ya shahidi na kuthibitisha vinginevyo. Nimeona ni fikra ya watu wasiopenda kufikiri. Sikuinakili.

Kuku kaliwa tena. Nilimchunguza Pasi kuanzia kola hadi kishikizo cha mwisho. Hakuna hata tone la mafuta. Huo ndio ushahidi wenyewe. Mtu asiye na doa kabisa ana kitu anachokifuta.

Jumatano, 5 Machi

Nimeamka akili inang'aa. Stoo kuna vibandiko vya kila aina. Nikachukua kile cha sumu, chenye fuvu na mifupa miwili iliyopishana, nikakibandika juu ya bakuli langu na kuliweka kwenye friji. Ujumbe kwa mwizi. Mfupi, wa kitaalamu, hauhitaji kusoma.

Sikuzingatia kwamba jengo zima lilikuwa darasani jana.

Pasi ndiye aliyeifungua friji wakati wa mapumziko. Hakupiga kelele. Alirudi nyuma, akaufunga mlango kwa kiwiko, akatandaza mikono na kutangaza kwa sauti ya kitabuni kwamba kuna sumu kwenye friji, kila mtu atoke. Niliona furaha machoni mwao. Wamefundishwa jana, leo wamepata pa kutumia. King'ora kikalia. Tukasimama wote juani, mahali pa kukusanyikia, tukahesabiwa.

Nilifungua kinywa niseme. Naapa nilikifungua. Lakini Meneja alikuwa anasema wakati huohuo kwamba aliyeweka sumu kwenye friji ya chakula, akijulikana, hamalizi siku akiwa na kazi. Nikakifunga. Meneja mwenyewe uso ulikuwa wa majivu, jasho likimtiririka. Kisha akasema ana kikao cha dharura, akaondoka na gari la kampuni kwa kasi. Mzigo wa uongozi. Nilimhurumia.

Pasi, glavu hadi kwenye viwiko, akalitoa bakuli kwa koleo. Likatiwa kwenye mfuko, mfuko ukatiwa kwenye pipa, pipa likajazwa unga wa kufyonza, kifuniko kikakazwa kwa spana. Likawekwa uani nyuma ya mnyororo, pamoja na taka zinazosubiri lori la Ijumaa. Zinakwenda kuchomwa. Kazi ilifanywa vizuri, siwezi kukataa.

Jioni Mama Mdogo kaulizia bakuli. Ni lile lenye maua ya bluu alilopewa kwenye harusi yake. Nikamwambia liko salama kazini. Sikudanganya. Sidhani kama kuna bakuli salama kuliko lile nchi nzima.

Alhamisi, 6 Machi

Mambo yamekaza. Jumamosi Mama Mdogo ana wageni, wakwe zake, na wakwe hao ndio waliotoa bakuli. Kasema wasipoliona mezani watadhani kaliuza, na hatasikia mwisho wa maneno hayo mpaka anaingia kaburini.

Nikaenda uani kulifungua pipa kimyakimya. Pasi alikuwa ameketi mbele ya mnyororo anasoma kitabu cha mafunzo. Nikamwambia nataka kukagua kifuniko. Akauliza nimetumwa na nani. Nikasema na dhamiri yangu. Akasema dhamiri ije na shahidi, na kama nataka yeye awe shahidi, nimweleze kwanza ndani mna nini. Nikasema hakuna anayejua. Akasema basi, Profesa, ndiyo maana kuna mnyororo.

Nikarudi mezani nikakuta nimeagizwa niandike karatasi za kulisafirisha pipa hilohilo. Karani wa nyaraka ni mimi, nani mwingine? Nilikaa na kalamu muda mrefu. Uaminifu wa kitaaluma nauthamini kuliko usingizi. Mwishowe nikaandika: taka yabisi, yenye asili ya mnyama, harufu hafifu ya kitunguu.

Meneja alipofika kwenye neno kitunguu alisimama. Akaniuliza kwa kunong'ona nimejuaje. Nikasema ni makadirio. Akameza mate, akashika tumbo, akasaini bila kusoma yaliyobaki.

Ijumaa, 7 Machi

Mtihani wa kuandika niliumudu. Wa vitendo ndio ulioniua.

Mkufunzi alisema kwa bahati nzuri tumepata mfano hai, lile pipa la uani, kwa sababu lori haliruhusiwi kubeba kitu kisichojulikana na lazima pipa lithibitishwe kwanza. Akataka mtahiniwa anayeijua kemia zaidi. Wote walinitazama. Shahidi akawa Pasi.

Nikavishwa suti nyeupe, viatu vya mpira na barakoa ya uso mzima. Nilijiona kwenye kioo cha lori. Nilifanana na mtu mwenye dirisha. Mpango ukajipanga wenyewe: nitafungua, nitatazama, nitatangaza kwa mamlaka kwamba si sumu, na nitaondoka na cheo na bakuli siku moja. Cheti changu cha zamani kilikuwa hai hadi jioni.

Nikafungua. Nikapangusa unga, nikafungua mfuko, nikaliinua bakuli juu. Maua ya bluu yakatokea. Nikatangaza kutoka ndani ya barakoa kwamba kwa dalili zote za nje hiki ni chakula cha kawaida kisicho na madhara. Mkufunzi akauliza nina uhakika kiasi gani. Nikasema kamili. Akauliza uhakika kamili nimeutoa wapi bila kipimo.

Nilikuwa bado nalitafuta jibu lilipokuja kutoka getini. Mama Mdogo. Alikuwa ameniletea chakula nilichokisahau nyumbani, na sikujua kama anaona mbali hivyo, wala kwamba sauti yangu anaitambua hata ndani ya barakoa.

"Wewe mtoto," akapaza sauti juu ya mnyororo, "bakuli langu linafanya nini kwenye pipa la taka? Na hicho kichwa cha maiti umekibandika cha nini?"

Pasi akanigeukia. Mkufunzi akavua miwani. Dereva wa foklifti akazima injini ili asikie vizuri. Mama Mdogo akapita chini ya mnyororo, akachukua bakuli lake, akalikung'uta, akaondoka nalo kwapani. Katika wote waliofundishwa wiki nzima, hakuna aliyethubutu kumzuia.

Meneja akaniita pembeni. Nilijua nafukuzwa. Aliniuliza jambo moja tu, kwa sauti ya mgonjwa: yule kuku wa Jumatatu na wa Jumanne, naye alikuwa na sumu? Ilinichukua muda kuelewa. Kile kikao cha dharura kilifanyika hospitalini, na ajenda ilikuwa kumsafisha tumbo. Nikamwambia hapana, alikuwa kuku tu. Akashusha pumzi ndefu. Akasema jambo hili tusilikuze. Nikasema hata mimi naona hivyo.

Kazi yangu imepona kwa njia hiyo. Mtihani haukupata wa kuuponya. Mkufunzi alisema, polepole vilevile, kwamba anayebandika sumu pasipo na sumu anawazoesha watu kukidharau kibandiko, na siku kitakapokuwa cha kweli kuna mtu hatarudi kwa watoto wake. Nilihisi kitu kifuani. Huenda suti ilikuwa inabana.

Dirisha kapewa Pasi. Mpaka nirudie mafunzo, atasimama pembeni yangu kila ninaposaini. Kaniuliza kwa heshima zote kama ningependelea asimame kushoto au kulia.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari tangu Jumamosi. Msomi hujifunza kutokana na makosa yake, na kosa langu nimeliona. Lilikuwa fuvu. Linatisha kupita kiasi. Jambo lilihitaji kibandiko chenye adabu zaidi.

Mama Mdogo haniamini tena na vyombo. Sasa hunifungia chakula kwenye kopo kuukuu la siagi. Leo ni samaki. Meneja alipita karibu na friji mara nyingi mno kwa mtu anayesema ana kazi. Basi nikaenda stoo nikapata kibandiko kipole kabisa, kile chenye mti mkavu na samaki aliyekufa: hatari kwa viumbe wa majini. Nani atakimbia kwa ajili ya samaki? Tena ndani kweli mna samaki aliyekufa. Mkufunzi mwenyewe asingekuwa na la kusema. Pasi alisimama kulia kwangu asubuhi nzima, lakini friji haisainiwi.

Naandika haya kwa penseli nikiwa juani, mahali pa kukusanyikia. Wamekuta kopo lina kibandiko na ndani hamna kitu. Kwa mafunzo yetu hiyo haiitwi kula, inaitwa kuvuja, na sasa wanatafuta kilichovuja kimeelekea wapi. Pasi anatuhesabu. Hayupo Meneja tu. Inasemekana ana kikao cha dharura.

Mara nyingine nitatumia kile cha mionzi.