Fulana ya Sufu ya Dunja

Alhamisi, 5 Februari

Salamu kwako, daftari. Sijawahi kuandika shajara, barua tu, kwa hiyo naanza nijuavyo. Sisi hapa hatujambo. Mume wangu Jerko hajambo, ila mgongo. Mama mkwe Tonka hajambo, anakula kutushinda sote. Paka hajambo. Binti yangu Dunja hajambo kwa leo tu, maana Jumamosi anataka kwenda kufa.

Mashindano ya mashua! Zote ni sawasawa, tanga lile lile, mlingoti ule ule, mtu mmoja ndani. Kati ya Dunja na Lorena, binti wa jirani yangu Silvana, atakayemaliza mbele ndiye ambaye klabu itampeleka kushindana Italia mwezi wa nne. Nafasi ni moja. Na bura inakuja, ule upepo wa mlimani unaong'oa vigae. Mtoto ana miaka kumi na tisa na figo changa! Figo zikipigwa na upepo, basi. Kila mtu hapa analijua hilo isipokuwa madaktari.

Nimemfumia fulana ya sufu ya kondoo wa kisiwa cha Pag. Nzito, nzuri, inashuka hadi chini ya makalio. Kakataa. Eti mama, naenda kushindana, siendi kunyolewa manyoya.

Tutaona.

Ijumaa, 6 Februari

Ushindi! Dunja alipoingia kuoga nikaishona fulana ndani ya jaketi lake, lile analovaa chini ya vazi la mpira. Mama mkwe alikaa mlangoni kulinda, akijifanya anamenya viazi. Jerko akapita, akauliza nashona nini. Nikasema kifungo. Akasema jaketi lile halina vifungo. Nikamwambia ndiyo maana nashona.

Leo nitalala kama mtoto mchanga.

Jumamosi, 7 Februari

Sijavua hata koti. Naandika hivyo hivyo.

Asubuhi Dunja alichukua mfuko wake, akanibusu, akatoka anapiga mluzi. Hajagundua! Gatini baridi ya kukata masikio. Jerko kanipa mgongo muda wote, anatoka jasho. Nikadhani ni homa.

Mara ya kwanza walivuka mstari wote kabla ya honi, wakarudishwa kama mbuzi. Kisha wakaenda kweli. Mashua zimebanana, huwezi kupitisha mkono katikati. Wenzake wanapinduka, huyu hapa, yule kule, Dunja wangu kakaa ukingoni, mwili wote nje, mashua imenyooka. Kwenye mzunguko wa mwisho yeye na Lorena wakafika kwenye boya bega kwa bega. Lorena anapiga kelele apewe nafasi, Dunja anamjibu nafasi ataipata kanisani. Akampita, akamaliza mbele kwa pua ya mashua!

Nikalia. Nikamwambia Silvana, umeona kazi ya sufu?

Silvana akaniuliza sufu gani. Nikamwambia. Loo, mdomo wangu! Akakunja uso. Kumbe kuna sheria. Nguo za mshindani huloweshwa majini, hutundikwa, hupimwa, zisizidi kilo nane, maana uzito husaidia kuinyoosha mashua. Mwaka jana kijana wa Rijeka aliondolewa kwa sweta tu. Na sufu hunywa maji kama mama mkwe anavyokunywa mvinyo!

Nikageuka, namwona mwamuzi, Bwana Vinko, kamshika Dunja bega. Kachaguliwa kupimwa.

Nikakimbia. Kwanza nilisema mtoto ana haja, aende msalani. Bwana Vinko akasema atangoja. Pili, nguo zilipotundikwa nikazikamua kwa siri. Bwana Vinko akasema, mama, ondoa mikono. Tatu, nikamletea bakuli la maharage ya moto ili ageuke. Yakamwagika juu ya nguo. Sasa zimezidi uzito! Bwana Vinko akaagiza ziloweshwe upya.

Mizani ikaletwa. Nikaona Italia inazama. Nikapaza sauti mbele ya klabu nzima: mtoto hana kosa, ni mimi, nimeshona kondoo mzima mle ndani, nipimeni mimi!

Watu wote wakageuka kunitazama. Hata bura ilinyamaza.

Bwana Vinko akapima. Akapima tena. Akasema zimo ndani ya kipimo kabisa, hata maharage yangeweza kubaki.

Dunja akafunika uso. Kasema alifumua mishono yangu alfajiri, anaijua tangu chekechea. Basi fulana iko wapi? Jerko akafungua koti. Alikuwa ameivaa, Dunja alimpa! Kasema ni mara ya kwanza tangu Krismasi mgongo unakaa kimya.

Nikakaa chini palepale gatini. Nilicheka, nikalia, nikacheka tena. Mtoto mzima, nafasi anayo, mume kapona mgongo.

Jumapili, 8 Februari

Silvana kaja na chupa ya rakija, ile pombe kali ya matunda. Nilidhani kaja kunicheka. Kacheka, ndiyo, hadi akashika meza. Halafu akanong'ona kwamba yeye jana alikuwa amemshonea Lorena soksi mbili mbili, na mizani ilipotoka alisali asichaguliwe. Tukanywa. Akasema Dunja kashinda kwa haki, kafanya mazoezi msimu wote wa baridi. Nikakubali kwa adabu.

Lakini mazoezi peke yake? Sufu ilikuwa gatini, kwa baba yake, hatua chache tu. Ilifanya kazi kwa mbali.

Jumatatu, 9 Februari

Dunja kanishika mikono, kaniapisha nisiguse tena nguo zake. Nimeapa. Nguo.

Kofia si nguo. Nimemwandikia dada yangu Luce kule Sinj, anamjua mtu anayefuga sungura. Manyoya ya sungura ni mepesi, nimepima kipande kwenye mizani ya jikoni, sindano haikusogea. Kilikuwa kikavu, hakikuloweshwa, lakini wepesi ni wepesi. Luce, nakuomba, jibu upesi, kabla mtoto hajafunga mizigo ya Italia, na uniambie ngozi ngapi zinatosha kofia ishuke hadi kwenye figo.