Gari Analolisikia Mama Zlatka

Mheshimiwa Mkaguzi Mkuu wa Magari wa Mkoa,

YAH: BI DESISLAVA MITKOVA KUNIKATALIA GARI MARA TATU KANA KWAMBA MIMI SINA MAMA

Naamini umeshakunywa kahawa ya asubuhi, maana haya ninayokuandikia hayasomeki kabla ya kahawa. Naitwa Rusi Chaushev, karani wa posta kwa miaka thelathini na mmoja. Barua za kulalamikia wakubwa nimezigonga mihuri nyingi tu, lakini hii ndiyo ya kwanza kuiandika mwenyewe.

Mama yangu, Mama Zlatka, ana miaka themanini na minane na anaishi peke yake Gorna Breza, kule juu barabara inakoishia. Masikio yake ni mazito. Kila Jumamosi nampelekea mkate na dawa, nampasulia na kuni. Zamani nilikuwa namkuta kajifungia ndani, nagonga mlango mpaka ngumi inavimba, majirani wote wanatoka isipokuwa yeye. Ndipo Gancho, fundi aliyesimamia ndoa yangu, akaniambia, "Acha kuvunja mlango wa watu, bwana we! Nipe hilo gari lako la Golf niling'oe sailensa, bibi atakusikia ukiwa bado bondeni." Akaing'oa. Akang'oa na kichujio cha moshi kwa kuwa kilikuwa njiani, akaichezea na pampu ya dizeli ili mlima usitusumbue. Tangu hapo, miaka sita sasa, nikifika mlango u wazi na supu ya maharage iko mezani. Bila cheti chenu cha ukaguzi siruhusiwi kuliendesha gari hili. Kwa hiyo, Mheshimiwa, hapa tunazungumzia mlango wa mama, si gari.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bi Desislava anachungulia. Mkaguzi aliyemtangulia, Mungu ampe pensheni ndefu, alikagua magari akiwa ameketi. Huyu binti analala chini ya gari na tochi! Mara ya kwanza nilifunga kichujio cha Gancho, kile kinachoazimwa na magari yote ya jengo letu siku ya ukaguzi. Akatoka chini anacheka: "Mjomba Rusi, hiki kichujio nakijua kuliko ninavyomjua shemeji yangu. Jumanne kilikuja na Opel, Alhamisi kikaja na gari la kasisi." Akakipaka doa la rangi ya njano. Sasa watu saba hawana pa kushika, na wote wameninunia mimi.

2. Foleni yake ni ya haki. Kila mwenye dizeli kuukuu anajua kwamba injini lazima ipimwe ikiwa ya moto, ikipoa moshi huzidi. Mara ya pili nilikwenda na kurudi barabara kuu kwa gia ya pili mpaka mshale wa joto ukafika mwisho, nikaingia kituoni mbio. Akanionyesha bibi mmoja mwenye Lada. "Ametangulia, mjomba. Subiri zamu yako." Zamu! Injini ikapoa, nikachemka mimi.

3. Hapokei kitu. Mara ya tatu nilimpelekea chupa ya rakia, pombe kali ya matunda niliyoipika mwenyewe. Akaiweka dirishani na karatasi: "Imesahauliwa na mwenye Golf ya kijani." Mji mzima umepita kuisoma. Mke wangu amepita mara mbili.

4. Hajui hesabu, na hapa ndipo ninapoumia. Gari langu hupanda mlima, kisha hushuka. Kushuka nazima injini, na moshi hakuna hata chembe. (Breki hugoma kidogo, lakini nadhani hiyo ni idara nyingine.) Yeye anapima kana kwamba mtu hupanda tu maisha yake yote. Gawanya kwa mbili, nimefaulu. Tena siku sita za wiki gari limeegeshwa. Gawanya kwa saba. Ukigawanya kwa uaminifu, Golf yangu ni safi kuliko baiskeli ya Bi Desislava, kwa sababu yeye akipanda kilima anahema.

5. Amelisingizia gari langu kwamba linatoa moshi mweusi. Nimeliendesha miaka sita nikitazama mbele, na huo moshi sijauona hata siku moja.

Basi naomba: mashine yenu ipelekwe kwa daktari, Bi Desislava ahamishiwe kukagua meli, ambazo mkoa wetu hauna, na sheria iongezwe kipengele kwamba gari linalokwenda kwa mama mwenye masikio mazito lipimwe kwa sauti, si kwa moshi. Kwa sauti, Mheshimiwa, nitafaulu mpaka Wagiriki ng'ambo ya mpaka wasikie.

Nisalimie wote hapo ofisini, mlinzi wa getini na mama wa kahawa. Bi Desislava naye msalimie. Sina chuki naye, ila siku za kazi.

Wako ninayesubiri muhuri,
Rusi Chaushev

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, Jumamosi ikafika, nikaenda kwa basi nikiwa tayari kuvunja mlango. Nikamkuta mama ameketi nje na koti lake, macho barabarani. Nikampigia kelele sikioni: "Mama, leo umenisikiaje bila gari?" Akasema, "Kukusikia? Hilo gari lako sijawahi kulisikia, mwanangu. Huwa naona moshi mweusi umepanda juu ya misonobari, na jirani yangu Stoyna anakimbia kuanua nguo zake, basi najua ni wewe, naweka maharage motoni. Leo sikuona moshi. Nikasema mwanangu amekufa." Alinishika mkono, akawa hauachii. Basi la kurudi halikuwepo mpaka Jumapili mchana, hivyo nikalala. Ndani ya miaka hiyo sita sikuwahi kulala kwa mama. Nilikuwa nakula nimeshika funguo. Kwa hiyo barua hii ipokeeni, muigonge muhuri, kisha muiweke chini kabisa ya faili. Na Bi Desislava mwambieni asiwe na haraka.